Maswali ya Wasomaji: Kwa nini mzizi mdogo, na si moja?

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu, ninasoma takwimu chuoni, mwaka wa tatu, na nimekwama katika uthibitisho mmoja unaohusu mchakato wa matawi. Mchakato wenyewe unaanza na mtu mmoja; kila mtu huzaa watoto k kwa uwezekano pₖ bila kutegemea wenzake, na funksheni zalishi ni f(s) = p₀ + p₁s + p₂s² + … Kitabu kinaandika qₙ kwa maana ya uwezekano kwamba ukoo umekwisha kufikia kizazi cha n, kinaonyesha kwamba qₙ₊₁ = f(qₙ), kisha kinachukua kikomo q, yaani uwezekano wa ukoo kukatika hatimaye, na kupata q = f(q). Mpaka hapo ninafuata. Lakini mstari unaofuata unasema ni dhahiri kwamba q ndio mzizi mdogo kuliko yote usio hasi, na mimi udhahiri huo siuoni. Namba 1 nayo hutosheleza mlinganyo huo daima, kwa sababu f(1) = 1. Nitajuaje kwamba q si 1? Aidha, kwa fₙ, yaani funksheni zalishi ya idadi ya watu wa kizazi cha n, katika maelezo ya mhadhara nimekuta fₙ₊₁(s) = fₙ(f(s)) mahali ambapo kitabu kina f(fₙ(s)). Je, ni kitu kimoja? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, picha ya ukurasa uliyotutumia ina alama ya kuuliza ya wino mwekundu kando ya neno "dhahiri", tena imekolezwa mara mbili hadi karatasi inakaribia kutoboka. Alama hiyo imekaa mahali pake. Waandishi wa vitabu vya hisabati hulitumia neno "dhahiri" kwa mambo ya aina mbili: yale yasiyohitaji maelezo, na yale ambayo mwandishi aliyaelewa zamani kiasi cha kusahau kwamba kuna siku hakuyaelewa. Hatua iliyokukwamisha ni ya aina ya pili, ingawa ikishaelezwa haizidi mistari minne.

Tena hukukwama peke yako. Mwaka 1873 Francis Galton alipeleka swali katika safu ya maswali ya hisabati ya Educational Times ya London, safu isiyotofautiana sana na hii unayoisoma, na swali lake likapewa namba 4001. Alitaka kujua hivi: ikiwa wanaume wa taifa fulani kila mmoja ana jina lake la ukoo, na ikiwa inajulikana ni wangapi kwa mia hawaachi mtoto wa kiume anayefikia utu uzima, wangapi huacha mmoja, wangapi wawili, na kuendelea hadi watano, ni sehemu gani ya majina hayo itakuwa imepotea baada ya vizazi kadhaa? Aliyelishughulikia kwa kina ni kasisi Henry William Watson, na makala yao ya pamoja ya mwaka 1874 ndiyo iliyofanya mchakato huu uitwe kwa majina yao hadi leo. Watson aliunda funksheni zalishi, akaiingiza ndani yake yenyewe kizazi baada ya kizazi, akafika kwenye mlinganyo ulioufikia wewe, akaona kwamba 1 inautosheleza, na akahitimisha kwamba kila ukoo hatimaye hukatika, hata katika taifa ambalo watu wake wanaongezeka. Hesabu zake zilikuwa safi. Kilichokosekana ni ule mstari ambao kitabu chako kinauita dhahiri. Kwa hiyo anayeandika "dhahiri" hapo anamwonea Watson, na anakuonea wewe pia.

Tuanze na swali lako la pili, kwa sababu la kwanza linalitegemea. Ndiyo, fₙ(f(s)) na f(fₙ(s)) ni kitu kimoja, maana yote mawili ni f zipatazo n + 1 zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Hata hivyo yanatokana na njia mbili tofauti za kuugawa ukoo. Ukiutazama kutokea chini, unawachukua watu wote wa kizazi cha n na kumwachia kila mmoja azae mara moja. Hapo unapata fₙ(f(s)). Ukiutazama kutokea juu, unawachukua watoto wa mwanzilishi na kumhesabu kila mmoja kuwa mwanzilishi wa ukoo mdogo ulio na vizazi n mbele yake. Hapo unapata f(fₙ(s)). Kwa kazi yetu ni njia ya juu inayofaa. Weka s = 0, na njia ya chini inakupa qₙ₊₁ = fₙ(p₀), jambo ambalo ni kweli lakini halikuunganishi na qₙ. Njia ya juu inakupa qₙ₊₁ = f(qₙ), na maana yake inasomeka kwa maneno ya kawaida: ukoo wa mwanzilishi utakuwa umekwisha kufikia kizazi cha n + 1 ikiwa koo ndogo za watoto wake zote, kila mmoja kivyake, zimekwisha ndani ya vizazi n. Akiwa na watoto watatu, uwezekano huo ni qₙ × qₙ × qₙ, na tunaruhusiwa kuzidisha kwa sababu koo hizo hazitegemeani. Asipokuwa na mtoto, hakuna cha kusubiri.

Sasa hatua yenyewe. Chukua mzizi wowote usio hasi wa mlinganyo, uuite r, yaani r ≥ 0 na f(r) = r. Usijali bado ni mzizi gani. Tunajua q₀ = 0, kwa sababu katika kizazi cha sifuri mwanzilishi yupo hai mbele yetu; basi q₀ ≤ r. Tunajua pia kwamba f haishuki s inapoongezeka, kwa kuwa vigawo vyake vyote ni uwezekano na hakuna uwezekano ulio hasi. Ukiiweka f pande zote mbili za q₀ ≤ r unapata f(q₀) ≤ f(r), yaani q₁ ≤ r. Rudia: f(q₁) ≤ f(r), yaani q₂ ≤ r. Hakuna kinachobadilika ukiendelea, kwa hiyo qₙ ≤ r kwa kila n, na mfuatano ambao kamwe hauvuki r hauwezi kuwa na kikomo kilichovuka r. Basi q ≤ r. Kwa kuwa r ilikuwa mzizi wowote, q haizidi mzizi hata mmoja. Na kwa kuwa q yenyewe ni mmoja wa mizizi hiyo, ndio mdogo kuliko yote.

Angalia r ilifanya kazi gani hapo. Haikuhitajika kujulikana, haikuhitajika kuhesabiwa. Ilisimama tu kama ukuta. Sifa pekee tuliyoitumia ni f(r) = r, inayouzuia ukuta usisogee kila tunapoiweka f. Hata 1 ni ukuta wa aina hiyo, ila ukuta huo unakwambia q ≤ 1, habari ambayo kila uwezekano umezaliwa nayo. Ukuta wenye faida ni ule ulio karibu zaidi na mahali tulipoanzia safari.

Na hapo ndipo palipo kiini cha jambo zima, ambacho kwa maoni yangu vitabu vingi hukipita haraka mno: tulianzia sifuri. Mlinganyo q = f(q) peke yake ni kama orodha ya watuhumiwa; unasema mhusika yumo ndani ya orodha, lakini hautaji jina. Kinachotaja jina ni mwanzo wa mfuatano. Watson aliusoma mlinganyo akasahau kuuliza mfuatano ulitokea wapi.

Chukua kikokotoo tuone kwa macho. Tuseme mtu hana mtoto kwa uwezekano wa robo, ana mmoja kwa robo, na ana wawili kwa nusu. Funksheni ni f(s) = 0.25 + 0.25s + 0.5s², na wastani wa watoto ni 1.25. Mlinganyo s = f(s) unarahisishwa kuwa 2s² − 3s + 1 = 0, wenye mizizi miwili, 0.5 na 1. Sasa bonyeza ukianzia 0. Unapata 0.25, kisha 0.344, kisha 0.395, kisha 0.427, kisha 0.448, kisha 0.462, kisha 0.472. Namba zinapanda kwa hatua zinazozidi kufupika, na ukiupima umbali uliobaki hadi 0.5 utaona kwamba kadiri unavyokaribia, kila hatua inakuachia takriban robo tatu za umbali uliotangulia, kwa sababu mteremko wa grafu ya f pale 0.5 ni 0.75 hasa. Hazitaivuka 0.5 hata ukibonyeza hadi betri iishe. Mzizi wa 1 uko upande wa pili wa ukuta, na mfuatano wetu hauna njia ya kuufikia.

Anzia mahali pengine, na hadithi inabadilika. Ukianzia 1 unabaki 1 milele. Ukianzia 0.9 unapata 0.88, kisha 0.857, kisha 0.832, na unaendelea kushuka hadi ile ile 0.5, safari hii ukitokea juu. Jambo hili lina maana inayostahili kusimama kidogo. Thamani fₙ(0.9) ni wastani wa 0.9 iliyopandishwa kwenye kipeo cha idadi ya watu wa kizazi cha n. Ukoo uliokwisha una watu 0, na 0.9 kwenye kipeo cha 0 ni 1. Kwa hiyo koo zilizokwisha peke yake huchangia qₙ, inayoelekea 0.5. Lakini jumla yote nayo inaelekea 0.5. Basi koo zilizo hai zinachangia kiasi kinachoelekea sifuri, na hilo haliwezekani ila idadi ya watu wake iwe inakua bila mpaka. Kwa hiyo mchakato huu haujui kukaa katikati: baada ya muda mrefu ukoo ama umekwisha ama umekuwa mkubwa mno. Ukoo unaodumu vizazi elfu ukiwa na watu kati ya watatu na kumi ni jambo ambalo uwezekano wake unayeyuka.

Kuhusu kuwapo kwa mzizi ulio chini ya 1, maelezo ni mafupi. Chora mstari wa mshazari unaopita (0, 0) na (1, 1), kisha chora grafu ya f, inayoanzia p₀ na kuishia (1, 1) huku ikijikunja kuelekea juu kama ubavu wa karai. Mteremko wake pale 1 ni wastani wa watoto. Wastani ukizidi 1, grafu inaufikia mshazari ikitokea chini yake, na kwa kuwa ilianza p₀, juu ya mshazari, lazima iwe imeukata mahali fulani kabla. Wastani usipozidi 1, grafu iko juu ya mshazari njia nzima, na mzizi mdogo ndio huo huo 1. Ikiwa p₀ = 0, kila mtu ana angalau mtoto mmoja na q ni 0, kama akili inavyotarajia.

Pia usipite haraka pale kitabu kinapochukua kikomo. Kwamba q, yaani kikomo cha qₙ, ndio uwezekano wa ukoo kukatika wakati wowote ule, kunatokana na ukweli kwamba ukoo uliokwisha haufufuki: tukio la kuwa umekwisha kufikia kizazi cha n limo ndani ya tukio la kuwa umekwisha kufikia kizazi cha n + 1, na matukio yanayopanuka namna hiyo yana uwezekano unaopanda hadi uwezekano wa muungano wake. Kuihamisha f ndani ya kikomo kunaruhusiwa kwa sababu grafu yake haina mruko kati ya 0 na 1.

Kwa haki ya kihistoria, jibu sahihi lilikuwa limekwishaandikwa kabla ya Galton kuuliza. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alilieleza mwaka 1845, lakini halikupata wasomaji hadi Heyde na Seneta walipolirudisha mbele ya wanahisabati mwaka 1972. Kati ya hapo swali lilifufuka nchini Denmark: Agner Krarup Erlang, maarufu kwa hesabu za mitambo ya simu, ambaye ukoo wa mama yake, Krarup, ulikuwa unaelekea kukatika, aliliuliza upya, likachapishwa mwaka 1929, mwaka aliofariki, na mwanahisabati wa huko huko, Steffensen, alilijibu kikamilifu mwaka 1930. Mwaka uliofuata Alfred Lotka alichukua takwimu za wanaume weupe wa Marekani za mwaka 1920, ambazo wastani wake ulikuwa takriban watoto wa kiume 1.26 kwa kila mwanamume, na akapata q ya takriban 0.82. Yaani hata katika jamii inayokua, koo nane kati ya kumi zinazoanzishwa na mtu mmoja hukatika. Majina mengi yangepotea kama Watson alivyosema; si yote, na si kwa sababu aliyoitoa. (Kwetu, ambako mtoto mara nyingi hubeba jina la baba na la babu, na jina la mwisho hubadilika baada ya vizazi viwili au vitatu, mfano wa majina haukai vizuri. Afadhali uhesabu wanaume wa ukoo wenyewe.)

SWALI: Mhariri, nimeusoma mchakato huo huo na ninachokataa ni sehemu ya wastani wa 1 kamili. Ikiwa kila mtu kwa wastani anajirudishia mtu mmoja, wastani wa watu katika kila kizazi unabaki 1 milele. Inawezekanaje basi ukoo ukatike kwa hakika? Wastani wa 1 na hakika ya sifuri vinakaaje nyumba moja? Msomaji, Tanga.

JIBU: Vinakaa, na sarafu moja inatosha kuonyesha. Tuseme kila mtu anarusha sarafu. Kila inapolala kichwa anapata mtoto mmoja na kurusha tena, na mara ya kwanza inapolala mwenge anaacha. Uwezekano wa watoto 0, 1, 2, 3 ni nusu, robo, sehemu moja ya nane, sehemu moja ya kumi na sita, na kuendelea, na wastani wake ni 1 kamili. Ukijumlisha mfululizo unapata f(s) = 1/(2 − s). Mlinganyo s = f(s) unageuka kuwa (s − 1)² = 0, wenye mzizi mmoja tu, 1; grafu inaugusa mshazari pale juu bila kuukata. Kwa hoja tuliyompa msomaji wa Mwanza, q ni mzizi mdogo kuliko yote, na hapa hakuna mwingine wa kuchagua.

Lakini tazama mfuatano unavyofika huko. Ukianzia 0 unapata 1/2, kisha 2/3, kisha 3/4, kisha 4/5, na kwa jumla qₙ = n/(n + 1). Hizi si namba za kukadiria. Ukiiweka n/(n + 1) ndani ya 1/(2 − s) inatoka (n + 1)/(n + 2) bila salio. Kwa hiyo uwezekano wa ukoo kuwa hai katika kizazi cha n ni 1/(n + 1) hasa. Katika kizazi cha 99, kati ya koo mia moja zilizoanza pamoja unatarajia moja tu iwe hai. Na kwa kuwa wastani wa wote, hai na waliokwisha, lazima ubaki 1, hiyo moja iliyobaki inatarajiwa kuwa na watu 100. Wastani haukudanganya, umebebwa wote na koo chache zilizonusurika, ambazo kila kizazi zinazidi kuwa adimu na kuzidi kuwa kubwa kwa kiwango kile kile. Hakika ya kukatika inasema juu ya ukoo mmoja unaoufuata kwa macho. Wastani unasema juu ya jumla ya koo zote ukizigawa sawa. Ni maswali mawili, yenye majibu mawili.

Linganisha pia mwendo. Katika mfano wa Mwanza umbali uliobaki ulipungua kwa takriban robo kila hatua, na baada ya hatua thelathini ungekuwa umeshuka chini ya sehemu moja ya elfu kumi. Hapa mteremko pale 1 ni 1, hakuna kinachobana, na baada ya hatua thelathini umbali bado ni 1/31. Taratibu hiyo ina tokeo moja ambalo huenda litakusumbua zaidi ya swali lako la awali. Idadi ya vizazi ambavyo ukoo unatarajiwa kuwa hai hupatikana kwa kujumlisha uwezekano wa kuwa hai katika kila kizazi, kuanzia cha sifuri: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + … Mfululizo huo, kama ulivyofundishwa ulipoanza kusoma mifululizo, hauna jumla yenye mwisho. Ukoo huo utakatika kwa hakika, na wastani wa muda wa kungoja ukatike hauna mwisho.